Vifaa vya studio na vya kurushia kwa televisheni ndogo ya mkoa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawahusu wanaoanzisha au kupanua kituo kidogo cha televisheni: cha wilaya, cha mkoa, cha kebo ya mjini au cha taasisi ya dini. Yaani kituo chenye studio moja, mafundi mitambo wawili au watatu, na ratiba inayotakiwa kuwa hewani saa 24.

Tuanze kununua nini?

Anzeni mwisho mrudi nyuma. Mtazamaji hajui kamera yenu ni ya kampuni gani, ila skrini ikiwa nyeusi anajua mara moja. Kwa hiyo umeme uje kwanza, kisha kompyuta za kurushia, kisha njia ya kupeleka mawimbi, kisha sauti. Kamera zije mwisho.

Wengi hufanya kinyume. Nusu ya fedha huishia kwenye kamera moja ya kuringia, halafu ratiba nzima inarushwa na laptop ya mhariri. Mgawanyo unaokaa vizuri kwa kituo kidogo ni huu: katika kila shilingi 100, weka 35 kwenye umeme na kurusha, 20 kwenye sauti na taa, 25 kwenye kamera na stendi zake, 10 kwenye nyaya na viunganishi, na 10 usiziguse. Hizo 10 zitatumika, na mara nyingi ni kabla ya mwezi wa pili.

Tunahitaji mnara wetu wa kurushia?

Kwa televisheni ya ardhini, hapana. Tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa (Dar es Salaam ilikuwa 31 Desemba 2012, na Kenya ilimaliza mwaka 2015), kituo hutengeneza maudhui, na mawimbi husambazwa na kampuni yenye leseni ya usambazaji hadi kwenye ving'amuzi. Kazi yenu ni kuifikishia kampuni hiyo picha na sauti safi bila kukatika. Kabla ya kununua chochote, ombeni kwa maandishi: wanapokea umbo gani la picha, kwa njia gani, na mmepewa megabiti ngapi kwa sekunde. Majibu hayo matatu yanaamua zaidi ya nusu ya orodha yenu ya manunuzi.

Turekodi kwa umbo gani: 1080i, 1080p au SD?

HD ni picha ya mistari 1080, SD ni ya zamani ya mistari 576. Chagueni moja, liandikwe na kubandikwa ukutani, na lisibadilishwe na yeyote. Afrika Mashariki umeme ni wa hezi 50 na televisheni ni ya fremu 25, kwa hiyo mnachagua kati ya 1080i50 (mistari ya picha hutumwa nusu kwa nusu, kwa zamu, mara 50 kwa sekunde) na 1080p25 (picha nzima mara 25). Msiguse 24, 30 wala 60, hata kama kamera ilitoka dukani ikiwa imewekwa hivyo.

1080p25 ndiyo rahisi kwa kituo kipya. Kamera, programu za kuhariria na mitandao ya kijamii vyote vinaielewa, na hakuna mistari ya picha kuchanika mtu anapotembea. 1080i50 inafaa zaidi pale ambapo mechi za mpira ni sehemu kubwa ya ratiba, kwa sababu mwendo unaonekana laini. Ubaya wake ni mpangilio wa mistari. HD huanza na mstari wa juu, lakini kanda za zamani za DV huanza na wa chini. Mhariri akizichanganya bila kubadilisha, kila kitu kinachotembea kitatetemeka, na tatizo halitaonekana kwenye skrini ya kompyuta yake. Litaonekana hewani.

Hata kama msambazaji amewapa nafasi ya SD tu, tengenezeni kwa HD na mpunguze mwishoni kabisa, kwenye enkoda (kifaa kinachobana picha ili isafirishwe). Ila wabunifu wa maandishi wajue kwamba mistari 1080 inakuwa 576. Herufi yenye urefu wa pikseli 20 inabaki na takribani 11, na kwenye runinga ya inchi 21 haisomeki. Majina ya wageni yasiwe chini ya pikseli 40, na maandishi yote yakae ndani angalau pikseli 96 kutoka kila upande na 54 kutoka juu na chini.

SDI au HDMI?

Hizi ni aina mbili za waya wa picha: SDI ni ya studio, HDMI ilibuniwa kwa ajili ya sebule. Waya wa kawaida huanza kusumbua ukizidi mita 10 hivi, plagi haina kufuli, na mlango mdogo wa HDMI wa kamera ya picha huvunjika mtu akikwaa waya mara moja tu. Kuna na tatizo la ulinzi wa hakimiliki: ukichomeka king'amuzi au kicheza diski kwenye swicha (kifaa cha kuchagua picha ipi iende hewani), picha inakuwa nyeusi ingawa kila kitu kimeunganishwa sawasawa. Hapo hakuna cha kutengeneza. Chanzo kimekataa chenyewe.

SDI hutumia waya mmoja wa ohm 75 na kiunganishi cha BNC kinachozungushwa hadi kifunge. Waya mzuri hupeleka HD mita 100 bila shida. Kosa linalorudiwa ni kutumia waya wa dishi la setilaiti kwa sababu nao ni ohm 75. Kwa umbali mfupi utafanya kazi, lakini ukirefuka picha itaanza kutoa vinukta vyeupe kisha itazima ghafla, maana SDI haififii polepole kama analojia. Kosa la pili ni BNC za ohm 50 za redio, ambazo zinaingia vizuri kabisa na kuwapotezea siku nzima.

Ushauri: ndani ya meza moja HDMI si dhambi. Kinachotoka nje ya meza kiwe SDI. Kati ya jengo na jengo tumieni nyuzi za mwanga, kwa sababu waya wa shaba unaounganisha majengo mawili yenye nyaya tofauti za ardhi (ethi) ni njia ya radi kuingia kwenye swicha.

Swicha gani inatosha?

Hesabuni vyanzo kwanza. Kamera 3, kompyuta ya maandishi, kompyuta ya kuchezea taarifa zilizorekodiwa, na mgeni wa mtandaoni: tayari ni 6. ATEM Mini ya Blackmagic ina milango 4 ya HDMI na haina SDI hata moja. Ni nzuri kwa kipindi cha mahojiano au kanisani, lakini studio ya habari itaijaza siku ya kwanza. ATEM Television Studio HD8 ina milango 8 ya SDI, na hicho ndicho kiwango kinachofaa kuanzia.

Swicha ya programu kama vMix inawezekana pia, nayo hukupa maandishi, kurekodi na wageni wa mtandaoni ndani ya kompyuta moja. Ubora wake na udhaifu wake ni kitu kimoja: kompyuta moja. Ikiganda, vyote vimeganda. Mkiichagua, kompyuta hiyo isitumike kurushia ratiba.

Kamera ngapi, na za aina gani?

Tatu za studio zinazofanana kabisa, na mbili za wanahabari wa nje. Kufanana ni muhimu kuliko ubora. Kamera tatu za wastani za aina moja huonyesha ngozi ya mtangazaji kwa rangi moja. Kamera mbili nzuri za kampuni tofauti zitawafanya mhangaike na rangi kila jioni.

Kwa habari, kamera ya video yenye zumu ndefu, milango ya maikrofoni ya XLR na SDI inashinda kamera ya picha yenye lenzi za kubadilisha. Sony PXW-Z90 na Panasonic HC-X2000 ziko katika kundi hili. Tahadhari na majina yanayokaribiana: HC-X1500 inafanana sana na HC-X2000 lakini haina SDI. Kamera za picha zina mvuto wake, hasa kwa vipindi vya upishi na mahojiano, ila nyingi hupata joto zikiwashwa muda mrefu, baadhi hukata kurekodi zikifika dakika 30, na nyingine hutoa alama za skrini kupitia HDMI hadi uzizime kwenye menyu. Jaribuni saa 3 mfululizo, kwenye chumba chenu, kabla ya kulipa.

Kwa baraza la madiwani, msikiti au kanisa, fikirieni kamera za kuzungushwa kwa rimoti. Mtu mmoja huendesha tatu, na waya mmoja wa mtandao unaweza kubeba umeme, amri na hata picha.

Stendi isinunuliwe kwa masalia ya bajeti. Kichwa chenye majimaji kinachobeba kilo 6 hadi 8 kinawafaa wengi. Stendi ya picha za mnato itaonekana hewani kila kamera inapogeuka.

Picha za simu zinafaa kurushwa?

Zinafaa, zikisafishwa. Simu nyingi hurekodi fremu 30, tena zisizo thabiti: sekunde moja 30, inayofuata 28 kwa sababu mwanga umepungua. Faili kama hiyo ikiingia kwenye ratiba, sauti huachana na midomo kadiri dakika zinavyokwenda. Wanahabari wawe na programu ya kamera inayoruhusu kufunga fremu 25 na shata ya 1/50. Shata hiyo pia huondoa mistari inayopepesa chini ya taa za mirija za umeme wa hezi 50. Zinazotoka kwa wananchi zipitishwe kwenye kigeuzi kama HandBrake, zikiwekwa fremu 25 thabiti, kabla mhariri hajazigusa.

Kompyuta ya kurushia iweje?

Hapa ndipo kituo kinapoishi au kufa.

Kompyuta yenyewe haihitaji kuwa ya ajabu. Prosesa ya kati ya miaka ya karibuni, RAM ya GB 16 au 32, SSD ndogo ya mfumo, diski tofauti ya vipindi, na kadi ya kutoa SDI. Kadi ya DeckLink Duo 2 ina njia 4, lakini milango yake ni midogo, kwa hiyo agizeni pamoja nayo waya za kubadilishia kwenda BNC. Vinginevyo kadi itakaa kabatini ikisubiri waya za bei ndogo.

Kwa programu, CasparCG ni ya bure, ilitengenezwa na televisheni ya taifa ya Sweden, na imekuwa ikirusha matangazo tangu 2006. Inataka fundi anayejisikia nyumbani kwenye kompyuta, na ratiba inahitaji programu nyingine juu yake. Programu za kulipia hurahisisha ratiba. OBS ni nzuri kwa kupeperusha mtandaoni, lakini haikutengenezwa kuendesha ratiba ya saa 24. Kwenye programu yoyote ulizeni maswali matatu. Je, inaweza kuanzisha kipindi kwa saa kamili hata kilichotangulia hakijaisha? Faili ikikosekana, inaruka au inasimama? Umeme ukirudi, inaendelea ilipokuwa bila mtu kubonyeza kitu?

Kisha zipo kazi ndogo ambazo mafundi husahau:

– Kwenye mipangilio ya ndani ya kompyuta, washeni sehemu inayoiamuru ijiwashe umeme ukirudi.
– Zuieni Windows isijisasishe na kujizima yenyewe usiku wa manane.
– Zimeni sauti zote za mfumo, skrini ya kulala na hali ya kulala kwa diski.
– Saa ipangwe na seva ya muda. Kompyuta iliyoachwa hupotea sekunde kadhaa kwa wiki.
– Isitumike kusoma barua pepe, na flashi ya mtu yeyote isichomekwe humo. Faili ziingie kwa njia moja tu, kutoka folda iliyokaguliwa.
– Wekeni faili ya dharura ya dakika 60, yenye nembo na muziki mlio na haki nao, ijirudie ratiba ikiisha.

Kompyuta hii iwe mbili. Ya pili icheze ratiba ileile kwa wakati uleule, na kifaa cha kubadilisha kati yake kihame chenyewe picha ikipotea. Kama fedha hazitoshi, hata swichi ya mkono yenye kitufe ni bora kuliko kukimbia na waya.

Kwa nini kipindi cha saa mbili usiku kilitoka saa nane usiku?

Kwa sababu mtu aliandika 02:00 badala ya 20:00. Kompyuta haijui saa za Kiswahili, na mtayarishaji aliyeandika "saa 2" kwenye karatasi hakukosea. Aliyekosea ni aliyehamisha. Fomu ya ratiba iwe na safu mbili, ya saa za Kiswahili na ya saa 24, zijazwe zote. Siku nazo zina mtego wake: kwa kompyuta siku hugeuka saa sita usiku, lakini kwa watu wengi wa Pwani "usiku wa Ijumaa" ni Alhamisi baada ya jua kuzama. Andikeni tarehe, msiandike jina la siku peke yake.

Vituo vinavyorusha adhana viwe makini zaidi. Nyakati za swala husogea kidogo siku hadi siku, kwa hiyo adhana isiwekwe kama faili ya kawaida katikati ya foleni. Iwekwe kama tukio la saa kamili linalokata chochote kilichopo, na ratiba ya mwezi mzima ipakiwe mapema kutoka kalenda ya mji wenu. Kalenda ya Dar es Salaam haifai Kigoma, ambako jua huchelewa kwa zaidi ya nusu saa.

Tunahitaji diski kubwa kiasi gani?

Gawanya megabiti kwa 8 upate megabaiti, kisha zidisha kwa sekunde. Kumbukumbu bora za megabiti 50 kwa sekunde ni GB 22.5 kwa saa bila sauti. Faili za kurushia za H.264 (njia ya kubana video) kwa megabiti 15 ni GB 6.75 kwa saa. Vipindi 1,000 vya nusu saa kwa kiwango hicho ni takribani TB 3.4. Nunueni mara mbili ya hesabu yenu.

Diski zilizounganishwa kwa RAID zinawalinda diski moja ikifa. Haziwalindi mtu akifuta folda, wala jengo likiungua. Nakala ya pili ikae jengo jingine.

Kuhusu kadi za kamera, alama ya V30 ina maana ya angalau megabaiti 30 kwa sekunde, inayotosha kabisa kwa megabiti 50. Kadi bandia ndizo zinazoumiza: huonyesha GB 128 lakini zikifika GB 16 huanza kuandika juu ya picha za mwanzo. Jaza kila kadi mpya kwa programu ya majaribio ya H2testw kabla haijapanda gari la habari.

Kwa nini watazamaji wanalalamika tangazo linapiga kelele kuliko kipindi?

Kwa sababu mnapima kilele badala ya ukubwa wa sauti unaosikika. Fuateni EBU R128, kanuni ya watangazaji wa Ulaya: wastani wa −23 LUFS (kipimo cha sauti inavyosikika), kilele kisizidi −1 dBTP (kipimo cha kilele halisi). Faili zilizotengenezwa kwa ajili ya YouTube mara nyingi huwa karibu −14, yaani desibeli 9 juu ya vipindi vyenu. Zipimeni zote wakati wa kuzipokea, na wateja wa matangazo wapewe kipimo hicho kabla hawajaleta kazi.

Midomo ikiwa nyuma ya sauti, kawaida swicha imechelewesha picha fremu moja au mbili, wakati sauti inapita moja kwa moja kwenye mixa. Fremu moja ni milisekunde 40. Mtu apige makofi mbele ya kamera, rekodini, hesabuni fremu, kisha mixa icheleweshe sauti kwa kiasi hicho.

Taa?

Paneli 3 hadi 5 za LED za 5600K (rangi ya mwanga wa mchana) zenye CRI (kipimo cha uhalisia wa rangi) ya 95 au zaidi, na madirisha yazibwe. Paneli za bei ya chini hupepesa zikipunguzwa mwanga. Zijaribuni zikiwa asilimia 20, mbele ya kamera yenu, hapo hapo dukani.

Umeme ukikatika?

Jumlisheni mzigo halisi. Mfano: kompyuta mbili za kurushia wati 500, skrini nne 120, swicha 60, hifadhi 60, kamera tatu 60, enkoda 40, mixa 40, mtandao 30. Jumla wati 910. UPS ya 3 kVA ya aina inayobadilisha umeme muda wote inaubeba kwa raha, na inasafisha pia umeme wa jenereta. Lakini betri zake 8 za volti 12 na Ah 9 zina Wh 864 kwenye karatasi. Kwa mzigo huu zitawapa karibu nusu saa zikiwa mpya.

Mkitaka saa 4 na zaidi, betri 8 za Ah 100 zinatosha. Hapo ndipo wengi hukosea: huunganisha betri hizo kwenye UPS ya kawaida, ambayo chaja yake ndogo haiwezi kuzijaza kabla umeme haujakatika tena. Agizeni UPS iliyotengenezwa kwa betri za nje, yenye chaja inayolingana nazo. Na betri zisikae kwenye chumba cha joto. Kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa nusu hivi.

Kiyoyozi kisiwekwe kwenye UPS. Kituo kihesabu kwamba chumba cha mitambo kitapanda joto mpaka jenereta iwake, na mlango ufunguliwe.

Tutapelekaje mawimbi kwa msambazaji?

Kama mna nyuzi za mwanga au mawimbi ya maikro, vizuri. Kama ni intaneti, tumieni itifaki ya SRT, inayotuma tena vipande vya picha vilivyopotea njiani. Muda wa kusubiri uwe angalau mara 4 ya muda wa data kwenda na kurudi: ikiwa ni milisekunde 40, wekeni 160, kwa mtandao wa simu wekeni hata 1,000. Picha ya megabiti 8 inataka njia ya kupandisha ya 10 au zaidi, na njia ya pili iwe ya kampuni nyingine. Angalieni nguzo kwa macho: kampuni mbili ambazo nyaya zake zinapita nguzo moja zitakatwa na lori moja.

Tuko Tanga, kila kitu kinashika kutu. Tufanyeje?

Chumvi hushambulia BNC na vichwa vya XLR kwanza. Zisafisheni kwa dawa ya viunganishi kila baada ya miezi mitatu, na chumba cha mitambo kisifunguliwe dirisha upande wa bahari. Lenzi zikae kwenye sanduku linalofunga lenye silika. Ukungu ukishaingia katikati ya vioo, gharama ya kuusafisha hukaribia bei ya lenzi iliyotumika.

Vifaa vilivyotumika vinafaa?

Swicha, stendi, taa na maikrofoni, ndiyo. Diski na betri, kamwe. Kamera, baada ya kuangalia saa ilizotumika kwenye menyu, kurekodi ukiwa umefunika lenzi ili kuona nukta zilizoungua, na kuchezesha kila mlango ukitikisa waya. Mashine za kanda ni kwa kazi moja tu, kuhamisha maktaba ya zamani, na ziuzwe kazi hiyo ikiisha.

Je, turekodi tulichorusha?

Ndiyo, muda wote, na muda wa kuhifadhi ni ule ulioandikwa kwenye masharti ya leseni yenu. Megabiti 1 kwa sekunde inatosha. Ni GB 10.8 kwa siku, hivyo TB 1 hubeba miezi mitatu. Rekodini kutoka kwenye king'amuzi kinachopokea hewani kama cha mtazamaji, na ishara hiyo ichukuliwe kwenye waya wa AV wa king'amuzi, ambao hauzuiwi kama HDMI.